Jina Lisilokuwamo Katika Yeremia

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyobatizwa. Ilikuwa Jumamosi, hapa hapa Temeke. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na vijana wa mtaa wetu walikuwa wakirudi mmoja mmoja, wakipokewa kwa vigelegele. Mama Asajile, jirani yetu wa chumba cha pili, alikuja na cheti chake cha kisomo cha watu wazima mkononi akaniambia, "Leo nasoma mwenyewe. Nipe Kitabu."

Ili ujue kwa nini niliogopa kumpa, acha nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa kidato cha pili, msichana mwenye haya mpaka shikamoo yangu ilikuwa haisikiki. Nisiyoweza kuyasema niliyaandika daftarini. Ndani ya daftari hilo nilichora mstari katikati ya ukurasa: kushoto unabii, kulia kutimia kwake. Mika kaitaja Bethlehemu, kulia, Bethlehemu. Zekaria kamtaja mfalme juu ya punda, kulia, punda. Kila uliotimia niliuwekea alama ya vema. Wenzangu darasani waliniita Nabii wa Temeke, nami, nikuambie kweli, kimoyomoyo nilipenda.

Mama Asajile hakujua kusoma. Kila Jumamosi alileta kigoda chake, mie nikamsomea Biblia pamoja na ule unabii wa daftarini, nikimwambia Kitabu hakikosei, kisha nikamsaidia herufi alizopewa kisomoni. Watu wa uani walimtania, "Umri huo, Mama Asajile, unatafuta ukarani?" Naye aliwajibu, "Ukarani wa mbinguni. Nyie kaeni hapo mmenye mihogo." Mwanawe wa pekee alikuwa vitani. Ikafika siku akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeliogopa jibu, "Binti, humo ndani hamna neno lolote la mwanangu?"

"Sijui" ni neno dogo. Likanishinda. Nikafungua Yeremia, pale Raheli anapowalilia wanawe na Mungu anamtuliza kwamba watarudi kutoka nchi ya adui. Na katikati ya kusoma, mwanangu, nikalitia jina: Asajile atarudi.

Alipiga magoti. "Katajwa! Mwanangu katajwa!"

Nikakunja pembe ya ukurasa. Jioni ile nikaandika daftarini, upande wa kushoto: Asajile atarudi.

Sasa turudi kwenye Jumamosi yangu. Wiki mbili kabla yake, wanajeshi wawili walikuwa wamemletea mama yule begi la mwanawe, na habari ya kifo chake. Hakulia. Watu wakashangaa, wengine wakasema ana moyo wa jiwe. Mie peke yangu nilijua kwa nini halii.

"Wanajeshi nao ni watu, hukosea," aliniambia akiketi. "Kitabu hakikosei. Si ulisema mwenyewe?"

Akafungua penye pembe iliyokunjwa. Kidole chake, kilichochubuka kwa kufua nguo za watu, kikatambaa polepole. "Ra-he-li. Haya, Raheli nimemwona." Kikashuka mpaka chini, kikarudi juu. Mara tatu.

"Mwanangu yuko mstari gani?"

Nikainamisha kichwa.

"Nionyeshe tu, binti. Pengine ni macho yangu."

"Hayumo, mama. Nilimtia mie."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliuliza taratibu, "Na ile Bethlehemu? Na yule punda? Navyo ulivitia wewe?"

Nilipaswa kusema: hivyo vimo, mama, soma mwenyewe, sasa unaweza. Badala yake nikabaki kuikunjua ile pembe ya ukurasa. Mficha uchi hazai, na mie haya zangu nilizificha mpaka zikaua imani ya mtu. Akafunga Biblia. "Asante kwa kunifundisha kusoma," akasema, akachukua kigoda chake. Alipofika mlangoni kwake ndipo kilio kikaanza.

Hakukanyaga kanisani tena. Bombani nikimwamkia aliitikia marahaba, akajitwika ndoo, basi.

Jibu la swali lake nililipata nimeshakuwa mtu mzima, humo humo ndani ya Yeremia. Hanania, nabii wa uongo, aliwaambia watu kwamba mateka wao watarudi ndani ya miaka miwili, neno la kuwapendeza. Yeremia, aliyesema ni sabini, alipigwa na kutupwa shimoni. Lakini maneno waliyoyatunza wajukuu zao ni ya Yeremia, yanayowaaibisha. Mtunzi, mwanangu, hutunga la kumpendeza msikilizaji, tena la upesi. Najua, maana nilitunga. Na waliomsikia Mika walikufa wote kabla mtoto hajazaliwa Bethlehemu. Nani angejitungia ahadi ya namna hiyo?

Nilitaka kumpelekea maneno haya. Nilisema kesho, nikasema Jumapili. Akahamia Mbagala. Nilipopata habari zake alikuwa ameshazikwa, na hakuna aliyeweza kuniambia kama alikufa akiamini. Maji yakimwagika hayazoleki. Daftari ninalo bado. Mstari ule wa Asajile, upande wa kulia, ni mweupe mpaka leo.

Basi usia wangu ni huu. Neno la Mungu usilisaidie kwa uongo, hata uongo wa huruma. Ukitia jina moja lisilokuwamo, umewatia watu shaka juu ya yote yaliyomo. Mtu mwenye uchungu akikuuliza usilolijua, sema sijui, kisha ulie naye. Na ukimkosea mtu, mfuate siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka.

Mungu akupe ulimi usioongeza wala kupunguza. Akujalie kusikia "marahaba" yenye upendo ndani yake, mie niliyoikosa.