Nilisema "zatosha", mwenzangu akasikia "tosha"

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni kijana wa miaka 27, mtu wa Tanga, naishi Durban, pale Greyville. Huu ni mwaka wangu wa pili najifunza uashi kwa bosi mmoja Mzulu. Nilipofika hapa sina pa kulala, Mkongo mmoja alinipokea chumbani kwake. Nimwite Safari. Baadaye nami nikamwombea kwa bosi, akaja kujifunza pamoja nami.

Mwezi uliopita tulikuwa tunajenga Queensburgh. Asubuhi tulimwaga zege la linta, ile boriti ya juu ya dirisha, na Safari alikuwa chini yake anaongeza mbao za kuishikilia. Akaniuliza kama aweke nyingine. Nikiwa juu ya jukwaa, mashine ya zege inanguruma, nikamjibu, "Mbao zatosha!"

Kwa Kiswahili chao, kutosha ni kuondoa. Kila siku nyumbani ananiambia, "Tosha viatu ku mlango." Basi akatosha. Zege likamwangukia, likamvunja kifundo cha mkono.

Bosi alikuja juu kama moto, akifoka kwa Kiingereza. "Eish! Nani kakwambia utoe mbao?" Safari akaninyooshea kidole kwa mkono mzima. Bosi akanigeukia, "Wewe ndiye uliyemwambia?" Nilishaelewa kilichotokea. Sentensi moja tu ingemaliza mambo. Nikasema, "No, boss." Safari akafukuzwa palepale kwa uzembe na uongo.

Sijalia, jamani. Nakula, naenda kazini, napanga matofali, narudi. Najua nimefanya ubaya na naona aibu, lakini hata hiyo aibu naisikia kwa mbali, kama ni ya mtu mwingine.

Kinachonimaliza ni kwamba Safari hanilaumu. Juzi ananipakulia ugali kwa mkono wa kushoto, akaniambia, "Ndugu yangu, pengine masikio yangu ndiyo iko na shida. Mkono ikipona, unisemee kwa boss. Weye anakuamini."

Nikamwambia nitamsemea.

Jana bosi kaniambia ananiandikisha mtihani wa ufundi, na nimtafutie mtu wa kuziba nafasi ya Safari. Nikisema ukweli, huenda nikafukuzwa na miaka miwili ikapotea. Nikinyamaza, nitakuwa fundi mwenye cheti, nalala chumba kimoja na mtu anayeamini kwamba aliyekosea ni yeye. Nyie mngekuwa mimi, mngeanzia kwa nani, kwa bosi au kwa Safari? Nitukaneni mkitaka, ila mnijibu.