Mrija wa Mzee Ildefons

Muuguzi wa wodi yetu hapa Muleba hamgusi mgonjwa kabla hajasugua viganja vyake vikapata joto. Ndipo anauweka mkono mgongoni na kuhesabu pumzi, midomo ikicheza bila sauti. Jana alimpa Mzee Ildefons, jirani yangu wa kitanda mwenye nimonia, chupa ya maji na mrija.

"Puliza polepole, Tata. Vifuko vya mapafu vikifunguka, damu inatoa hewa chafu na kuchukua safi."

Mzee akafyonza, kama anavyokunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa mrija kwenye kibuyu tangu ujana. Maji yakaisha. Muuguzi hakucheka. Alijaza chupa mbili, akaketi kando yake, wakapuliza pamoja. Leo asubuhi mapovu yalipanda mpaka shingoni mwa chupa, na mzee akauliza ataruhusiwa lini kunywa rubisi. Muuguzi, mkono ukiwa bado mgongoni mwake, alicheka hadi akapoteza hesabu.