Muhogo Mchungu Kwenye Kompyuta

Juzi binti yangu alinipikia muhogo wa nazi, na katika kuula nikakuta kipande kichungu. Si uchungu wa kudhuru, ni wa kukunja uso tu. Lakini wallahi uchungu ule ulinichukua moja kwa moja hadi Kinondo, kwa nyanya yangu, mwaka tuliopewa shamba jipya.

Nilikuwa darasa la tatu, nalo ndilo darasa langu la mwisho, nalisema mapema usije ukanidhania msomi. Shamba lenyewe lilikuwa kichaka kitupu. Jirani aliyepewa kipande kilichopakana na chetu alianza kufyeka siku ile ile, shoka linalia ko, ko, ko. Nyanya hakukata hata unyasi. Siku tatu nzima alitembea, mimi nyuma yake nimebeba kibuyu cha maji. Alichuchumaa, akafukua udongo kwa kidole, akaunusa. Jua likiinama alikaa kimya akisikiliza vyura wanalia upande gani.

"Mama, unatafuta mchumba huko kichakani?" jirani akamtania.

"Naam, na nikimkosa nitakuja kukuposa wewe."

Siku ya nne alipanda. Si mpunga, si mahindi. Alipanda safu ya muhogo mchungu upande wa msitu, mahali pabaya, mawe matupu. Nikamuuliza, nyanya, utaliwa na nani huu? Akanionyesha msitu kwa kidevu. "Na hao." Alikuwa akisema nguruwe mwitu. Wakitoka msituni walikutana na muhogo ule kwanza, wakatafuna, wakakasirika, wakarudi walikotoka. Mpunga wetu ulikuwa nyuma, bondeni, kule walikolia vyura. Msimu ule jirani alivuna nusu, nusu ya pili wakavuna nguruwe.

Ah, na mchele ule mpya! Ukiteleka sufuria, harufu ilifika njiani kabla hujaweka nazi. Siku hizi nanunua mchele wa mfuko, unaiva vizuri tu, lakini hauniiti. Basi, huo mpunga ndio ulionitoa shule. Nyanya alihitaji mtu wa kufukuza ndege, nikapanda jukwaani na debe langu, napiga na kuimba kutwa, na darasani sikurudi. Sikulia. Mtoto gani analilia hesabu?

Mwenzangu tuliyekuwa tukikaa dawati moja yeye alibaki, akasoma, akawa mwalimu, akafundisha mpaka akastaafu. Alikuja kuishi hapa Msambweni, nyumba ya nne kutoka kwangu. Watu wote humwita Mwalimu. Yeye mimi aliniita Mtoro, tangu siku ile ya debe.

Sasa, binti yangu ana duka la kuchapa barua na kutoa nakala, pale barabara kuu. Alipopata kompyuta mpya, ile ya zamani akaiweka nyuma, nayo ilikuwa na mchezo wa kujenga dola. Alitufundisha mimi na Mwalimu ili, nadhani, tuache kumsumbua mbele ya wateja. Unaanza na kundi moja la wahamiaji na askari mmoja, nchi yote giza. Unajenga mji, unalima, unaongeza miji. Mnacheza kwa zamu. Mwalimu akicheza, mimi nageuka natazama barabara nisione siri zake, akimaliza anabonyeza kitufe, nakaa mimi, anageuka yeye.

Tukawekeana sharti. Atakayeshindwa, kesho yake asubuhi atamwamkia mwenzake shikamoo, pale kwa mama wa mahamri, mbele ya wanywa chai wote. Wewe unajua maana yake. Sisi ni rika moja, na marika hawaamkiani hivyo.

Masika yote nilimwamkia mimi.

Mwalimu alikuwa na mwanzo mmoja tu. Zamu ya kwanza mji, papo hapo alipotua, kisha askari, askari, askari. Mimi mtu wa pwani nilikimbilia baharini nipate samaki. Kabla sijafika mji wa pili, jeshi lake liko mlangoni. Asubuhi nainamisha kichwa, "Shikamoo, Mwalimu." Naye anapuliza chai yake polepole, watu wanyamaze wasikie, kisha, "Marahaba, mwanangu. Umeoga?" Benchi lote linaanguka kwa kicheko. Mama wa mahamri alikuwa akiniongezea mbaazi kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko.

Kisha Mwalimu akasema mwanawe anakuja Jumamosi kumchukua akakae naye Voi. Magoti yanamsumbua, peke yake hawezi tena. Ikabaki Alhamisi moja ya kucheza. Nikajiambia, mzee wewe, akiondoka huyu hujasikia shikamoo yake hata moja, utakufa ukiwa bado mwanawe wa kumwamkia.

Alhamisi hiyo sikujenga. Zamu ya kwanza nilitembea. Ya pili nikatembea. Binti yangu akachungulia. "Baba, unapoteza zamu!" Nikamwambia nasikiliza vyura. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Zamu ya nne nikaona mto, nikaweka mji. Halafu nikatafuta ilipo njia ya kuja kwangu kutoka kwa Mwalimu. Ilikuwa kipenyo chembamba kati ya mlima na bahari, mawe matupu, hapaoti kitu. Hapo nikapanda muhogo mchungu. Kimji kimoja maskini, nikakizungushia ukuta, nikakijaza wapiga mishale.

Mwalimu akaja, kama kawaida yake.

"Mtoro, una nini hapa? Dhahabu?"

"Onja uone."

Akaonja. Alipeleka askari, wakafa, akaleta wengine. Kila zamu yake nilikuwa nimegeukia barabara, namsikia akipumua kwa pua. Na kila zamu yangu niliongeza mji nyuma, kando ya mto, taratibu. Mwishowe meli yangu ndogo ikamletea habari kwenye bandari yake mwenyewe, na nyuma ya ile meli zilikuwa nyingine tano.

Sauti ya kitufe sikuisikia. Nikangoja. Nikageuka.

Alikuwa ametoa miwani, anaifuta kwa shati.

"Nani amekufundisha ujanja huu?"

"Nyanya."

"Yule aliyekutoa shule?"

"Huyo huyo."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. Lile shamba la Kinondo sasa ni ukuta wa nyumba za wageni, na bondeni wamemwaga kifusi, hakuna chura. Nilitaka kumwambia hayo, kwamba hii ndiyo sehemu yake iliyobaki, humu ndani ya kompyuta. Lakini alikuwa ameshavaa kofia, anatafuta mkongojo wake. Kitufe hakukibonyeza. Mpaka leo ukiiwasha ile kompyuta inakuambia ni zamu ya Mwalimu, na nimemkataza binti yangu asiiguse.

Mlangoni alisimama. Hapakuwa na benchi, hapakuwa na wanywa chai, ni mimi na yeye. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, sawasawa kama mtoto aliyelelewa:

"Shikamoo."

Nami, msimu mzima nikiingoja, mdomo ukabaki wazi. Nilipoipata sauti alikuwa amekwisha vuka barabara na mkongojo wake, hakugeuka nyuma. Kesho yake kwa mama wa mahamri hakuja, Jumamosi mwanawe akampeleka Voi, na hakurudi tena. Marahaba yake ningali nayo.