Mtani aliyenikuta sakafuni: kuishi peke yangu baada ya kuumia uti wa mgongo

"Ukianguka humo ndani peke yako, nani atakuokota?"

Wakuu, mama aliniuliza hivyo siku nahama kijijini kwao Kitaya, nimekaa kwenye wheelchair, begi mapajani. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Niliumia muda mfupi baada ya kumaliza chuo. Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye mchanga. Kuanzia kiunoni kushuka chini sina hisia.

Mimi ni mtu wa kuhoji. Wodini nilimuuliza kila aliyesogea: mtu kama mimi anaweza kuishi peke yake? Daktari alisema tutaona. Wengine wakaniambia nimshukuru Mungu. Sikuwa nimeuliza hilo.

Kitaya nililishwa, nikaogeshwa, nikageuzwa usiku. Yote kwa upendo.

Kilichoniumiza zaidi ni watani. Kwetu Wamakonde mtani hutania hata msibani. Ataigiza marehemu alivyokuwa akitembea mpaka wafiwa wacheke. Siku zote nilihoji mila hiyo inamsaidia nani. Sasa wakaja, wakaitazama miguu yangu, wakasema pole, wakaondoka.

Marehemu anataniwa. Mimi sitaniwi.

Nikapanga chumba mjini, mtaa wa Magomeni, mlango wake hauna ngazi, nikaanza kufundisha tuition ya hesabu barazani. Nikajifunza kujiwekea mpira wa mkojo, kujikagua vidonda kwa kioo, kutega alarm ili nijigeuze usiku.

Kila mama akipiga simu, swali ni lile lile. Mwisho nikamwahidi: siku nikianguka nikashindwa kuinuka, narudi Kitaya.

Jirani yangu ni Mama Zuhura, Mmakua, muuza vitumbua, na simu zangu zote anazisikia ukutani. Ukoo wake na wa mama ni watani, lakini naye kwangu alikuwa wa pole tu.

Asubuhi moja natoka kitandani kuhamia kwenye kiti, breki haikukaza. Kiti kikarudi nyuma, nikashuka kwa kishindo. Nikabaki natazama uvungu wa kitanda, naiwaza Kitaya.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa. Mama Zuhura hakusema pole. Akakaa mkekani, akanyoosha miguu.

"Wamakonde bwana. Kitanda mnanunua, kulala mnalala chini."

"Mama, niinue."

"Mtani haokoti mtani. Wewe nenda Kitaya, mimi nabaki na godoro. Jipya kabisa hili."

Hasira niliyopata, wakuu, sijui niielezeje. Akanisogezea kwa mguu mbuzi ya kukunia nazi, makali yamekunjwa, khanga imetandikwa juu. Nikajivuta. Nikapandisha makalio juu ya mbuzi, nikapumzika, nikashika ukingo wa kitanda.

Yeye muda wote anatangaza kwa sauti kubwa kama mtangazaji wa mpira: amepita katikati ya uwanja, ameteleza, amerudi tena, makalio yanalikaribia goli. Nikalia. Nikacheka. Nikafika.

"Basi, godoro limeniponyoka," akasema, akatoka.

Akarudi na kapu la samaki wakavu na unga wa muhogo. Limeletwa na gari la Kitaya, alisema.

Wiki ile mama alipiga simu, akauliza kama nimekula. Lile swali hakuliuliza, na hajaliuliza tena. Nilidhani amenichoka.

Nilichojifunza ni kwamba pole zikizidi zinamzika mtu angali hai. Wenye ndugu aliyeumia, msimnyime utani wake. Na wenzangu wa uti wa mgongo mliomo humu, niambieni mnainukaje mkianguka, maana mimi mpaka leo ni kwa ile mbuzi. Mwenye swali aulize, hata la aibu.

Niongeze moja. Juzi tu, Mama Zuhura akinisuka, ndipo aliponiambia kwamba kapu lile halikuja na gari. Mama alilileta mwenyewe, na nilipoanguka alikuwa ameshafika mlangoni. Mama Zuhura alimshika mkono asiingie. Mama akasimama nje, khanga mdomoni, mpaka aliposikia godoro limeponyoka, akaacha kapu, akarudi Kitaya.

Ule mpira alikuwa anatangaziwa yeye.