Siku Niliyomchagulia Achieng Mashine

Aibu ninayo, siwezi kuificha, kwa sababu hata leo nikifika karibu na kanisa letu pale Manyatta ninavuka barabara, lakini kabla hamjanicheka niacheni kwanza nikasirike, maana mkasa huu haukuanza na mimi, ulianza na yule madam wa ofisini.

Mdogo wangu Achieng haoni tangu utotoni. Wazazi walipofariki mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaacha shule kidato cha pili, nikashika mkokoteni sokoni (sijutii), naye akasoma mpaka akaitwa chuo kikuu Maseno. Shirika moja likaahidi kumpa mashine ya kuandikia nukta nundu, kitu cha ukubwa wa Biblia, unaandika kwa vitufe na nukta zinainuka chini ya vidole vyako. Bila hiyo angekaa darasani akisikiliza tu huku wenzake wakiandika. Tukaitwa ofisini kwao kuchagua mfumo endeshi, yaani ule ubongo unaoendesha kila kitu humo ndani.

Madam akanigeukia mimi. "Huyu anapenda kusoma?"

Huyu. Na huyu ameketi hapo hapo, ana mdomo wake.

Akaeleza kwamba mashine ya kwanza ina mfumo wake mwepesi, ukiwasha unaandika tu, na ya pili ina mfumo kama wa simu, unaweka programu, unapakua vitabu. "Lakini Bwana Omondi," akasema akiangalia viatu vyangu, "hii ya pili inataka familia iliyosoma kidogo."

"Tunachukua ya pili," nikasema, nikatia sahihi pale palipoandikwa jina la mtumiaji. Achieng alinivuta shati. Nikadhani ananipongeza.

Jumapili ikawa ibada ya shukrani, Achieng asome zaburi kwa mashine mbele ya watu, na mimi (nani alinituma?) nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu ili waumini waone familia iliyosoma. Alipogusa vitufe tu, mashine ikatangaza kwenye maikrofoni kwamba inajisasisha, tusubiri. Tukasubiri. Kwaya ikaimba wimbo mzima, ikarudia, mashine bado inajisasisha, nami nikapanda jukwaani nikabonyeza kitufe cha kuzima nikakishikilia, na ilipowaka tena ilikuwa imesahau kila kitu, ikaanza kutuambia tuchague lugha, kwa lugha ambayo mpaka leo sijaijua, kwa sauti ya juu.

"Omondi," mama mmoja wa kwaya akaita, "hiyo redio yako imeshika stesheni ya wapi?"

"Ni lugha ya kompyuta, Mama," nikajibu, na kanisa zima likaangua kicheko, hata mchungaji akajifunika uso kwa Biblia.

Achieng akatoa mfukoni karatasi aliyokuwa ameitoboa nukta mwenyewe (kumbe alijiandaa, ananijua), akasoma zaburi yote bila kukwama. Kisha akasema taratibu, maikrofoni ikiwa wazi, "Mashine si mbaya. Ni vile tu hakuna mtu aliyeniuliza."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemkasirikia madam wiki nzima kwa kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe nikiwa na kalamu mkononi.

Jumatatu tukarudi ofisini. Nikasimama mlangoni, nikamwachia kiti. Achieng akamhoji madam mpaka madam akavua koti: inachukua muda gani kuwaka, je, vitabu vya chuo vitafunguka, na nikizima kujisasisha itatulia? Akazijaribu zote mbili kwa vidole. Akachagua ya pili.

"Si ndiyo ile ile?" nikamuuliza nje, nimechukia.

"Ndiyo. Sasa ni yangu."

Niliapa sitamjibia tena mtu aliye na mdomo wake. Juzi nilimtembelea Maseno, tukaketi kunywa chai, mwenye kibanda akaniuliza kama dada anaweka sukari kwenye chai. Ninaijua sukari ya Achieng tangu ana miaka minne, vijiko viwili. Nikauma ulimi, nikamwambia amuulize mwenyewe.

"Kimoja," Achieng akasema.