Mtani Aliyevaa Kaptula ya Baba

Kitambaa cha bafta ambacho hakijaguswa maji kina harufu yake: wanga, vumbi kama la chokaa, na kwa mbali kitu kinachofanana na mafuta ya taa. Mwezi uliopita nilikuwa Kinondoni, dukani, nanunua bitana ya mapazia. Muuzaji akakunjua jora juu ya meza na kulipiga kofi ili lilale. Harufu ile ikanipanda puani ghafla, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza.

"Mzee, vipi, sukari imeshuka?" akaniuliza yule kijana.

Nikamwambia ni joto.

Mtu anayetaka kusimulia aibu yake afadhali kwanza ajulikane ana nini, kwa hiyo mtaniruhusu nijitambulishe. Mapazia yale yalikuwa ya nyumba yangu ya Madale. Iko juu ya kilima, ina ghorofa, ina roshani inayotazama mpaka Tegeta, na hakuna tofali hata moja lililonunuliwa kwa hela ya mtu mwingine. Nina stashahada ya ufundi wa majokofu. Niliipata Ulaya ya kaskazini, katika nchi ambayo yenyewe ni jokofu, na darasani nilikuwa Mwafrika peke yangu na sikuwa wa mwisho. Nikafanya kazi huko mpaka mvi zikaanza kuchungulia, kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, si kwa kurudishwa kama wengine. Nikaandika kitabu cha utoto wangu. Muhogo asubuhi, muhogo jioni, funza miguuni, kwenda shule pekupeku kwenye mchanga wa moto. Watu wamekisoma, wapo walimu wanaowasomea wanafunzi wao kwa sauti, na wapo wanaonisimamisha barabarani kunishika mkono. Nasema haya kwa sababu ni kweli na kwa sababu nimeyatolea jasho.

Lakini ndani ya kitabu hicho, kifo cha baba yangu kina sentensi moja tu. Nimeandika kwamba alifariki nikiwa darasa la tatu, kisha nikarukia habari za shule. Niliandika njaa na chawa bila kupepesa macho, ila siku ya mazishi yake ilinishinda. Hiyo ndiyo nataka kuwasimulia nyie leo.

Tulikaa Mbande, mbele ya Mbagala. Siku hizi ukipita huko unaona ukuta baada ya ukuta na vibanda vya kutolea pesa, lakini enzi zile kulikuwa shamba: minazi, mikorosho, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na fisi tuliyemsikia bila kumwona. Baba alikuwa mkwezi wa nazi. Alipanda minazi ya watu na malipo yake yalikuwa nazi zenyewe. Miguu yake ilipinda kwa nje, kama mabano mawili, na nyayo zilikuwa ngumu kiasi kwamba alizima kijinga cha moto kwa kukikanyaga. Kabla ya kupanda alitemea mate viganja vyote viwili, akaugonga mnazi mara moja kama anayebisha hodi.

Alikuwa na kaptula moja ya kaki ya kazini. Makalioni mama alikuwa ameishonea kiraka kilichokatwa kwenye gunia la unga wa msaada, na maandishi ya buluu ya Kizungu hayakufutika hata kwa kufuliwa. Aliyekuwa chini akitazama juu aliweza kuyasoma vizuri. Yalisema bidhaa hii haiuzwi. Mimi niliyasoma nilipoanza kujua kusoma, na tangu siku hiyo sikupenda kumsindikiza kazini.

Baba alishikwa na homa, akalala siku chache, na alfajiri moja akafa.

Miaka ile nchi ilikuwa haina kitu madukani. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kibali, na kitambaa ndiyo usiseme. Mtu akifa, kabla ya kuulizwa ameugua nini, watu waliulizana sanda itatoka wapi. Wakati jua linapanda, waoshaji walikuwa wamemaliza kazi yao, baba amelazwa ndani kafunikwa shuka letu, kaburi linachimbwa, na sanda hakuna. Kwa desturi yetu maiti ilikuwa lazima izikwe kabla jua halijazama. Wanaume walikaa nje kwenye mikeka wakitazama chini. Wanawake walikuwa ndani na mama.

Baba mkubwa Selemani, kaka yake baba, alifika kwa baiskeli kutoka Mbagala. Yeye alikuwa na duka. Alikuwa na viatu vyeusi vilivyong'aa, akavivua pembeni ya mkeka, akakaa, akaanza kuvuta tasbihi. Kila aliyemuuliza habari ya sanda alimjibu kwa upole kwamba nchi nzima haina kitambaa, na hata dukani kwake rafu zimebaki na buibui.

Mimi nilikaa ukutani karibu na wanaume. Wanafunzi wenzangu walikuwa wamekuja pamoja na mwalimu wetu, wamepanga mstari chini ya mkorosho. Nilijitahidi kukaa kama mtu mzima aliyefiwa. Niliona fahari kidogo, niseme kweli, kwa kuwa siku ile watu wote walikuja kwetu.

Ndipo Mzee Maganga alipotokea uani.

Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi, jirani yetu, mchimba visima. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani. Mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana: kwenye msiba wako anaweza kukutukana, kumwigiza marehemu, kuchukua kitu chako na kukaa nacho, na wewe huruhusiwi kununa. Ukikasirika unatozwa mbuzi na unabaki hadithi ya kijiji. Haya yote nilikuwa nayajua. Lakini nilikuwa sijawahi kufiwa mimi mwenyewe.

Alikuwa kavaa kaptula ya baba.

"Hodi wenye msiba!" akapaza sauti. "Msiba gani huu kimya hivi? Wazaramo, ngoma mnaijua, kufa hamjui!"

Kutoka ndani, mwanamke mmoja akamjibu, "Mnyamwezi mpagazi, mbona mikono mitupu? Mzigo umeutua wapi?"

"Mzigo wangu mmeulaza humo ndani, dada. Nimekuja kuubeba."

Akaanza kutembea. Akaipinda miguu yake kama mabano, akapita mbele ya watu wote mwendo ule ule wa baba, bega moja chini, mpaka kwenye mnazi uliokuwa uwanjani. Akatemea mate viganja. Akaugonga. Kicheko kikatoka mahali fulani, kikazibwa, kikatoka tena kwingine. Ustadhi akakohoa kuonya, lakini niliona midomo yake inacheza. Mzee Maganga akauparamia mnazi kimo cha mtu, akageuza makalio kwa hadhara.

"Nyie mliopeleka watoto shule, someni! Pameandikwa nini hapa?"

Kisha sauti nyembamba kutoka kwenye mstari wa wanafunzi ikasema, "Haiuzwi!"

"Haiuzwi!" akarudia Mzee Maganga, akateremka. "Basi kama mtani wangu hauzwi, namchukua bure. Nampeleka Tabora. Maana nimesikia hapa hamna hata kipande cha kumvika. Kweli si kweli? Mtu kawaangushia madafu ujana wake wote, leo mnataka kumzika uchi!"

Wasomaji wangu, nimesimama mbele ya maprofesa wa Kizungu nikiwa na viatu vya mtumba vilivyotoboka, na sikusikia joto la uso kama siku ile. Mwalimu wangu alikuwa amesikia. Darasa zima lilikuwa limesikia. Hatuna sanda.

Mzee Maganga akasogea kwenye mkeka wa wakubwa, akasimama juu ya viatu vya baba mkubwa.

"Shikamoo tajiri," akasema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. "Viatu hivi vinang'aa mpaka naona meno yangu yaliyobaki." Akavivaa. "Haya, sasa mimi ndiye mwenye duka. Njooni mniombe kitambaa!"

Mzee mmoja akainuka kwa mchezo. "Bwana duka, nina msiba. Naomba yadi chache."

"Hakuna!" Mzee Maganga akainama, akawa kama anasukumia kitu chini ya meza kwa mguu wenye kiatu cha baba mkubwa. "Kimeisha! Njoo kesho. Na kesho njoo kesho."

Hapo uwanja mzima ulipasuka. Wanaume walijipiga mapajani. Wanawake ndani walikuwa wanacheka na kulia pamoja, huwezi kutenganisha. Karibu kila mtu pale alikuwa amewahi kujibiwa hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, kwenye meza hiyo hiyo. Baba mkubwa alitabasamu, maana ilimbidi, na jasho lilimshuka mashavuni mpaka kwenye kola ya kanzu.

"Maganga, nipe viatu vyangu," akasema hatimaye. "Ngoja nikaulizie kwa jamaa yangu mmoja."

"Jamaa yako anaitwa nani, Chini ya Godoro?"

"Nipe viatu, bwana."

"Nenda peku, mtani. Ukirudi na kitambaa utavikuta, na nitakuwa nimevifuta vumbi."

Baba mkubwa akapanda baiskeli bila viatu, saa saba ya mchana, kwenye njia ya mchanga. Hata mjumbe wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwataja wenye kuficha bidhaa, alicheka, na baba mkubwa aliporudi na bafta nyeupe pe, yenye mistari ya mikunjo ya kukaa muda mrefu gizani, mjumbe huyo huyo alianza ghafla kutafuta kitu mfukoni mwa shati lake na hakukipata mpaka kitambaa kikaingizwa ndani.

Hayo ya kurudi kwake nilisimuliwa baadaye; mimi wakati huo nilikuwa mikoroshoni, nimejiinamia, nalia kwa hasira. Niliporudi walikuwa wanatoka na jeneza. Nilipopishana nalo nikasikia ile harufu ya wanga. Baba alizikwa kabla jua halijazama, kwenye bafta mpya, na aliyekuwa ndani ya kaburi kumpokea alikuwa Mzee Maganga, kaptula kaivua, amevaa shuka lake mwenyewe, hasemi neno.

Shuleni niliitwa Kaptula mpaka nilipomaliza darasa la saba. "Kaptula, njoo ufute ubao." "Kaptula haiuzwi!" Nilisoma kwa ghadhabu. Kila mtihani nilioongoza niliuongoza ili jina lile lifutike. Mzee Maganga nilimwamkia kwa kuwa mama alinitazama, lakini sikumwangalia usoni tena hadi alipofariki, nami nikiwa Ulaya.

Huko Ulaya ndiko nilikoanza kupata mashaka na hasira yangu. Kijana mmoja wa Tanga alifariki, tukatakiwa kumsafirisha, na mimi kwa kuwa ndiye msomi nikapewa kazi ya kwenda mlango kwa mlango kuomba mchango. Watu walinipa. Walinipa wakiniangalia kwa macho fulani, wakizungumza polepole kama na mgonjwa, na kila mlango ulipofungwa nilihisi nimepunguka kidogo. Mjane wake tulifuatana naye. Kufikia jioni alikuwa hainui kichwa. Msinicheke, lakini katikati ya theluji ile nilitamani atokee Mnyamwezi atutukane.

Siku niliyotoka dukani Kinondoni nilimkuta mama barazani Madale, anachambua mchele. Macho yake yamepungua nguvu, anachambua kwa vidole. Nikakaa chini, na swali ambalo nilikuwa sijawahi kumuuliza likanitoka.

"Mama, siku ya kumzika baba, Mzee Maganga alipotutangaza kwamba hatuna sanda, wewe ulijisikiaje?"

Vidole vikasimama. "Alitutangaza nani?"

"Mzee Maganga. Na kaptula."

"Kaptula nilimpa mimi," akasema mama.

Nikadhani hakunisikia. Akaendelea na mchele wake, huku akinieleza kama anayenieleza mapishi. Baba mkubwa alipofika tu, mama alimwita dirishani, akamwambia, shemeji, ndugu yako hana sanda. Naye akamjibu, shemeji, mzikeni na shuka lenu. "Shuka lenyewe ndilo mlilokuwa mnajifunika nyie watoto. Nikaona huyu hatatoa kwa kuombwa. Nikamwita Maganga mlango wa uani, nikamtolea kaptula kwenye kamba, nikamwambia, kafanye."

"Lakini walimcheka baba, mama. Walitucheka."

"Ndiyo. Nilitaka wacheke." Akapuliza makapi, akanigeukia upande nilipokuwa, si sawasawa na uso wangu. "Wangenionea huruma ningefanyaje, mwanangu? Ningezika mume na kuonewa huruma siku moja? Nisingeinuka mpaka leo."

Mimi mtu wa kusema sana, muulizeni yeyote, nilikaa pale nikamsaidia kuokota mawe kwenye mchele.

Aibu bado ninayo, na nikiandika haya naisikia masikioni kama joto. Ila nimeibeba miaka yote hii nikiamini naibeba kwa niaba ya mama, kumbe mwenyewe hajawahi kunituma. Mtoto aliyekaa ukutani alisikia vicheko tu. Hakujua kwamba nyuma ya pazia la gunia, karibu na miguu ya baba, mama alikuwa amekaa na kanga kichwani, akisikiliza kama vicheko vimetosha.