Mzee Hajui Anachotaka

Jamani, nina miaka thelathini na moja na leo mwalimu wangu wa darasa la tano amenisahihisha.

Mimi na Neema tunatengeneza programu ya wakulima wa mboga wa Rangwi. Kazi yote tunaihifadhi mtandaoni, na kila ukibadilisha kitu unaandika umebadilisha nini.

Jana nikaandika: "Nimebadilisha rangi mara ya nne. Mzee hajuwi anachotaka."

Mzee ndiye huyo mwalimu. Siku hizi amestaafu, ni mwenyekiti wa wakulima.

Asubuhi akanipigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Neema ameniunganisha humo mnamohifadhi kazi. Nimesoma yote."

Nikajikuta nimesimama wima, peke yangu chumbani!

"Mwalimu, naomba unisamehe..."

"'Hajui' haina w. Nilikufundisha mwenyewe."

Akakata simu.

Nikakimbilia kufuta. Nikakuta ameshaandika chini yake: "Ni kweli, mwanangu, nilikuwa sijui. Hii ya kijani ndiyo yenyewe. Asanteni kwa uvumilivu."

Nimeshindwa kufuta.

Jumamosi nakwenda Rangwi kuwaonesha wakulima programu yao, na yeye ndiye atakayenitambulisha.

Nyie, namwangaliaje usoni?